MJADALA: Waya wa dharura wa boneti kwenye gari la kale la spoti, ni usalama au ni kuliharibu gari?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Nalileta hili kwa sababu wenye magari ya kale tunazidi kugawanyika juu yake. Gari la spoti la miaka ya 1960 na 1970 ambalo boneti yake hufunguliwa kwa waya mmoja tu kutoka ndani, je, mwenye gari aongeze waya wa pili wa dharura? Na akiongeza, gari lihesabiwe limepoteza uasilia wake?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Aongeze, aongeze kabla waya wa kwanza haujakatika, na kwenye maonyesho asikatwe alama hata moja kwa sababu hiyo.

Chukueni Triumph TR6 au Datsun 240Z. Bawaba za boneti ziko puani mwa gari na komeo liko nyuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mpangilio huo una akili: komeo likiachia gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaikandamiza boneti badala ya kuibamiza kwenye kioo. Lakini komeo lenyewe limejificha mahali pagumu kuliko pote, hakuna grili ya kupenyeza bisibisi. Corvette ya kizazi cha tatu, ya 1968 hadi 1982, ina makomeo mawili huko nyuma, kushoto na kulia. Likigoma moja tu, boneti haitoki. Na boneti yenyewe ni ya faiba, ukiingiza mtaimbo inapasuka.

Waya huu ni wa aina ile ile ya breki ya baiskeli, uzi wa chuma ndani na ganda nje. Mara nyingi haukatiki katikati. Hukatika kwenye ncha, pale skrubu inapoubana kwenye mkono wa komeo. Fungua boneti yako leo, washa tochi, angalia hapo. Kwenye gari lenye waya wa zamani utakuta nyuzi moja mbili zimechomoza pembeni, zimekatwa na ukingo wa skrubu na kwa kukunjwa kila unapovuta. Pitisha kidole polepole, zinachoma. Nyuzi zilizobaki ndizo zinazobeba kazi yote.

Kuna ugonjwa wa pili unaowapoteza wengi. Ganda la nje linateleza kwenye kibanio chake. Ukivuta mpini, ganda na uzi vinasogea pamoja, na komeo halitikisiki. Mtu anaapa waya umekatika, kumbe ni mzima.

Na msiseme ni usumbufu mdogo tu. Porsche 356 za kabla ya mabadiliko ya 1962 zina mdomo wa tangi la mafuta chini ya boneti ya mbele. Volkswagen Beetle nazo zilikuwa hivyo mpaka katikati ya 1967. Waya ukikatika, huwezi hata kutia mafuta. Kwenye TR6 na 240Z, betri iko humo humo ndani ya boneti. Nyaya za umeme zikianza kuungua, njia ya kuifikia betri ni kupitia boneti ambayo imegoma.

Karibuni, na anayepinga apinge kwa hoja.

Mtunza magari asilia

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe.

Gari huwa asilia mara moja tu. Kila badiliko nililowahi kuliona kwenye gari la kale lilikuja na sababu nzuri. Aliyeondoa kabureta akafunga mfumo mwingine alikuwa na sababu. Aliyebadilisha taa alikuwa na sababu. Aliyetoboa boneti akaweka pini za mashindano alisema ni usalama, kama unavyosema wewe. Mwisho wa siku gari lina umbo la 1970 na ndani ni mkusanyiko wa maamuzi ya watu waliolimiliki, kila mmoja akiamini la kwake lilikuwa dogo.

Wewe mwenyewe umetuambia waya hukatikia kwenye skrubu na kwamba tochi inatosha kuuona ukianza kuchoka. Basi dawa tunayo. Ukague, upake grisi, ubadilishe mpya wa aina ile ile. Anayeufuatilia waya wa kwanza hauhitaji wa pili, na asiyeufuatilia wa kwanza atausahau na wa pili.

Na kama kuna anayefikiria kulazimisha kwa sheria, angalieni Marekani walivyofanya na buti. Kanuni ya kuweka mpini wa kujifungulia mtu aliyenaswa ndani ya buti ilianza kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia 1 Septemba 2001. Suala la uhai wa watu kabisa, na bado hawakurudi nyuma kuyagusa ya zamani.

Fundi wa bodi

Mimi naingia kama mtu anayeletewa gari baada ya mambo kuharibika.

Waya kukatika hakuharibu gari. Kinachoharibu ni yale mtu anayoyafanya baada ya hapo. Anaanza kuvuta boneti kwa mikono, kona inakunjika. Anapenyeza bisibisi, anang'oa rangi, anapinda ukingo wa bati. Mwingine anakata tundu kwenye ukuta wa injini kulitafuta komeo. Nimeziba matundu ya namna hiyo, na nawaambia kwa dhati, bati la kiwandani likishakatwa halirudi kuwa la kiwandani hata ulichomelee vizuri namna gani. Mzee wangu hapo juu anaulinda uasilia, namuunga mkono. Lakini aliweke kwenye mizani: waya mwembamba unaoweza kutolewa kwa dakika chache, na tundu kwenye bati ambalo litabaki milele.

Niongeze jinsi ya kuufunga, maana kazi mbovu ndiyo inayoupa jina baya. Tumia waya wa breki ya baiskeli, ule wenye unene wa kama milimita 1.6. Wa gia ni mwembamba mno. Waya wa breki una kichwa kigumu kwenye ncha, kwa hiyo kichwa chenyewe kinashika kwenye mkono wa komeo bila kubanwa na skrubu. Pale wa kwanza unapofia, huu hauna udhaifu huo. Usiufunge kwenye skrubu moja na ule wa asili, kwani skrubu ikilegea umepoteza yote miwili. Upitishe njia tofauti kabisa, mbali na ekzosi, na utafute tundu ambalo tayari lipo, kama la nyaya za umeme, uupitishe humo na raba yake ikiwepo. Usitoboe.

Uache ulegee kidogo. Hili nalirudia kwa sababu ndilo la hatari: ukiukaza, gari likitikisika barabarani utakuwa unalivuta komeo nusu nusu bila kujua.

Kisha kabla ya kufunga boneti, lisukume komeo kwa bisibisi lijifunge mbele ya macho yako, uvute waya wa kwanza, lifunguke. Lisukume tena, uvute wa pili, lifunguke. Hapo ndipo ushushe boneti. Usiifunge ili kujaribu.

Msomaji

Na wezi je? Umeweka kamba nje inayofungua boneti, si umemrahisishia?

Fundi wa bodi

Ncha yake haining'inii nje, kaka. Inafichwa mahali, mtu asiyejua ilipo ataitafuta mpaka achoke. Tena baadhi ya magari tunayoyasema ni ya wazi, yenye paa la turubai. Mwenye kisu anafika kwenye mpini wa ndani kabla hujamaliza kunywa maji.

Mzima moto mstaafu

Nimeona mleta mada amegusa moto, naomba niliweke sawa kabla mtu hajaumia.

Ukiona moshi unatoka kwenye boneti: simama, zima injini, watu wote watoke, muwe mbali. Hilo halina mjadala. Na boneti usiifungue wazi. Ukiiinua, unaupa moto hewa yote uliyokuwa unaitafuta, na unalipuka usoni mwako. Mwenye kizima moto, kama moto bado ni mdogo, anaachia komeo tu ili boneti ipande kidogo, anapuliza kupitia upenyo huo akiwa pembeni.

Sasa, ili boneti ipande kidogo ni lazima komeo liachie. Hapo nakubaliana na mleta mada. Kwenye magari haya ya kabureta, chanzo kinajulikana: mpira wa mafuta uliozeeka, au kabureta inayofurika kwa sababu boya limekwama. Petroli yenye ethanoli nayo inailainisha mipira ya zamani. Moto unaanzia pale pale unapopita waya wa asili. Ndiyo maana nasisitiza maneno ya fundi, njia tofauti. Waya wa pili uliofungwa sambamba na wa kwanza utaungua nao.

Lakini msiuite kifaa cha kuzimia moto. Anayetaka kujikinga na moto aanze na mipira mipya ya mafuta na swichi ya kukata betri.

Mwamuzi wa maonyesho

Upande wetu hatuwachukii wenye magari, kama wengine wanavyodhani. Shida ni mstari uwekwe wapi. Nikiuachia waya wa boneti leo, kesho atakuja mwenye feni ya umeme kwenye radieta, naye atasema ni usalama. Ninachoweza kukubali ni kitu ambacho nikiomba kitolewe, kinatoka mbele yangu na hakiachi alama. Kama kuna tundu jipya, hata dogo, nakata.

Mleta mada

Nashukuru sana, hasa kwa mzima moto. Hilo la kutoinua boneti wengi hawalijui.

Kwa mwamuzi: mstari uliouweka ndio ninaoutaka, na tayari upo kwenye maandishi. Mkataba wa Turin wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, unaruhusu mabadiliko ya lazima kwa matumizi ya barabarani yakiwa hayajitokezi na yakiwa yanaweza kurudishwa nyuma. Feni na waya zipimwe kwa kipimo hicho hicho, hakuna haja ya kuogopa ya kesho.

Kwa mzee wangu wa uasilia: uasilia wa kipi? Jaguar E-Type zilipotoka 1961, magari kama 500 ya kwanza yalifungwa boneti kwa makomeo ya nje yanayofunguliwa kwa ufunguo maalumu. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kikayahamishia ndani. Waliolitengeneza gari walikuwa bado wanalitafutia komeo lake jawabu. Sisemi hiyo ni ruhusa ya kubadilisha lolote. Nasema komeo halikushuka kutoka mbinguni.

Na hoja yako ya sheria za Marekani naichukua, lakini tuisome yote. Tangu 1 Januari 1969 wana kanuni namba 113, inayotaka boneti inayofungukia mbele na kuweza kumziba dereva iwe na mshiko wa pili. Kanuni ile ilihofia boneti kufunguka yenyewe. Boneti kukataa kufunguka haikugusa kabisa, na pengo hilo ndilo tunaloliongelea. Halafu Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Mabadiliko makubwa yanayohesabiwa ni ya chasisi, ekseli na mfumo wake, na injini. Waya wa boneti haumo, kwa hiyo anayeogopa kupoteza msamaha huo asiogope. Ila maana yake nyingine ni nzito: hakuna mkaguzi atakayelitazama komeo lako. Ni wewe, tochi yako na fundi wako.

Sitaki serikali yoyote imlazimishe mtu. Nataka vyama vya wenye magari viweke waya huu kwenye orodha ya vifaa vinavyokubalika, pamoja na kizima moto na swichi ya betri.

Mtunza magari asilia

Kama ni bila kutoboa, bila kugusa skrubu ya asili, na waya wa asili unabaki ukifanya kazi, sina sababu ya kumkatia mtu alama. Nimesoma maelezo ya fundi mara mbili na nayakubali. Kwangu sitafunga. Nina magari yanayotoka mara chache na kila waya naujua hali yake. Ila naomba jambo moja liongezwe kwenye pendekezo lenu: mwenye gari aache karatasi kwenye faili la gari, inayosema waya wa pili upo, umepita wapi, na ncha yake iko wapi. Gari litauzwa, mtu atakufa, na mrithi atakata bati akitafuta kitu kilichokuwa sentimita chache kutoka mkononi mwake.

Mleta mada

Hilo limeingia, na nakushukuru kwa dhati. Mwamuzi pia ataweza kuiomba karatasi hiyo.

Mwenye Corvette

Wakuu, mimi nina ile ya makomeo mawili. Waya mmoja wa dharura unatosha?

Fundi wa bodi

Hautoshi, mkuu. Makomeo yako yanaunganishwa na waya unaovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikatika huo, wa dharura uliofungwa upande mmoja utafungua upande huo peke yake. Weka miwili, kila komeo na wake, ncha zote zikutane mahali pamoja uzivute kwa zamu. Na kabla ya yote, kagua kama huo unaovuka haujaanza kuchanua nyuzi.