Kwa nini mashujaa wa katuni hurudishwa walikoanzia?

Mleta mada
Ndugu wasomaji, ninasoma upya hadithi za Spider-Man na kuna jambo linanisumbua. Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, alimwoa Mary Jane Watson mwaka 1987, tukamzoea akiwa mtu mwenye mke na majukumu yake. Kisha mwaka 2007 Mephisto, yule shetani, akaifuta ndoa hiyo katika kumbukumbu za watu wote ili Shangazi May apone jeraha la risasi. Peter akawa kapera tena, anayekaa kwa shangazi yake. Kulikuwa na haja gani ya kumkuza mhusika muda wote huo?

Jibu la 1
Mleta mada, wahusika hawa ni mali ya kampuni. Mwandishi ni mpangaji tu: hupaka kuta rangi aipendayo, lakini nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe anataka msomaji mgeni amtambue shujaa tangu ukurasa wa kwanza. Superman aliuawa mwaka 1992, akarudi mwaka uliofuata, akamwoa Lois Lane mwaka 1996. Mwaka 2011 DC, kampuni yenye Superman na Batman, walipoanza upya matoleo yao kwa namba moja, ndoa hiyo nayo haikuwepo tena.

Jibu la 2
Sababu hiyo naielewa, ila haipunguzi hasara. Barbara Gordon, aliyekuwa Batgirl, shujaa wa kike wa upande wa Batman, alipigwa risasi na Joker, adui wa Batman, mwaka 1988 akapooza miguu, na badala ya kutupwa nje ya hadithi akawa Oracle, mwanamke wa kiti cha magurudumu ambaye kwa kompyuta zake aliwapa mashujaa wenzake taarifa walizozitegemea, Batman akiwemo. Kwangu mimi, Oracle alikuwa mhusika mkubwa kuliko Batgirl. Mwaka 2011 akafanywa atembee tena, akavishwa vazi lake la zamani la Batgirl, ilhali vazi hilo lilikuwa tayari na mvaaji wake, Stephanie Brown. Wasomaji wenye ulemavu waliojiona ndani ya Oracle walinyang'anywa mtu wao.

Jibu la 3
Wapo walionusurika. Dick Grayson alikuwa Robin, kijana msaidizi wa Batman, tangu 1940, lakini mwaka 1984 akawa Nightwing, shujaa wa kujitegemea, na hadi leo tunamjua hivyo. Naona kilichomwokoa ni kwamba jina la Robin lilipata warithi, Jason Todd kisha Tim Drake, hivyo kampuni ikabaki na Robin wake bila kumrudisha Dick utotoni.

Mleta mada
Hoja nzuri, ndugu yangu, lakini Wally West naye alirithi jina la Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, baada ya Barry Allen kufa mwaka 1985, akalibeba kwa zaidi ya miaka 20, na bado Barry alifufuliwa mwaka 2008 akalichukua.