Sola Texas: tumesaini mkataba Alhamisi, na fundi wa kweli anatambulikaje?

Kutoka Fort Worth, Ijumaa usiku

Habari zenu ndugu. Jana jioni alikuja kijana wa sola, anaongea Kiswahili safi, mtu wa kwetu kabisa. Alituonyesha kwenye tableti yake jinsi bili ya umeme itakavyoshuka, akasema serikali inarudisha asilimia 30 ya gharama. Mume wangu akasaini hapohapo kwa kidole. Mkataba ni wa miaka 25, umeandikwa kwa Kiingereza, na jina la kampuni lililomo si lile lililokuwa kwenye fulana yake. Paa letu lina umri wa miaka kama 15. Wenye uzoefu naomba mnisaidie: hapa fundi mzuri wa sola mnampataje?

Kutoka Arlington, Jumamosi asubuhi

Dada, kabla ya yote: bado mna muda. Sheria ya shirikisho inampa aliyeuziwa kitu nyumbani kwake siku tatu za kazi kughairi, bila kueleza sababu na bila faini. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili haihesabiwi. Kwa kuwa mlisaini Alhamisi, mwisho wenu ni Jumatatu saa sita usiku. Mlipaswa kupewa nakala mbili za fomu ya kughairi. Jazeni moja, wekeni tarehe na saini, ipelekeni posta leo kwa barua ya rejista, mbaki na risiti na picha ya fomu. Kumpigia kijana simu hakutoshi, hata akiahidi kwamba atalishughulikia. Sheria hiyohiyo inataka mkataba uwe kwa lugha iliyotumika kuuza. Kama mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili na karatasi ni Kiingereza kitupu, litajeni hilo kwenye barua.

Hiyo asilimia 30 haipo tena kwa mwenye nyumba. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliifuta kwa gharama zote za baada ya Desemba 31, 2025. Hata ilipokuwepo, haikuwa hundi ya kutumiwa nyumbani. Ilipunguza kodi ya mapato unayodaiwa, basi. Nafuu iliyobaki inaweza kuchukuliwa na kampuni inayomiliki paneli na kukukodisha, ndiyo maana wagonga milango sasa wanakuja na mikataba ya kukodi. Someni wenu vizuri: kuna mahali pameandikwa malipo yanapanda kila mwaka? Asilimia 2.9 ni ya kawaida kabisa. Inaonekana ndogo, lakini dola 120 za mwezi wa kwanza zinakaribia 240 mwaka wa 25, na paneli si zenu.

Sasa fundi. Anayegonga mlango mara nyingi si fundi, wala hajaajiriwa na anayefunga. Ni dalali wa kamisheni. Nyuma yake kuna mwenye fedha, na nyuma ya huyo kuna kampuni ya kufunga ambayo hamjawahi kuiona. Paa likivuja mwaka wa nne, kila mmoja atawaelekeza kwa mwenzake. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa yeyote ni hili: nani hasa atapanda juu ya paa langu, na leseni yake ya umeme ni namba ngapi? Texas haina leseni ya jimbo kwa makontrakta wa ujenzi wa kawaida, ila kazi ya umeme inadai leseni ya TDLR, idara ya leseni ya jimbo, na kwenye tovuti yao unaandika namba unaona kama iko hai. Akiwa na cheti cha NABCEP, bodi inayothibitisha mafundi wa sola, ni nyongeza nzuri. Asiyetaja namba, msiendelee naye.

Ukubwa wa jina usiwapumbaze. SunPower iliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2024, Sunnova Juni 2025, na zilikuwa kampuni za nchi nzima. Dhamana ya kazi ya miaka 25 inadumu kadiri aliyeitoa anavyodumu. Mimi napendelea kampuni ya mafundi umeme wa hapahapa, yenye miaka ya kutosha, inayotumia vijana wake yenyewe, na inayokubali malipo ya mwisho yasubiri mpaka Oncor, kampuni ya nyaya za umeme ya huku, watoe ruhusa ya kuwasha. Ombeni namba za wateja waliofungiwa miaka mitano iliyopita. Wa mwezi jana wote bado wanafurahi.

Bei iulizwe kwa wati moja, tena ya taslimu, kwa maandishi, ndipo muulize ya mkopo. Mwaka 2024 shirika la shirikisho la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, lilionya kwamba ada zinazofichwa ndani ya mikopo ya sola zinaweza kuongeza asilimia 30 au zaidi juu ya bei ya taslimu. Ile riba ndogo ya kuvutia imeshalipiwa humo. Na yuniti mlizoahidiwa zipimeni wenyewe kwa PVWatts, kikokotoo cha sola cha mtandaoni, ni bure: unaweka anwani, ukubwa na upande paa linakoelekea.

Kutoka Houston, Jumamosi jioni

Wanangu, kaka yenu wa Arlington amesema kweli. Naongeza moja ambalo wengi wetu tuliotoka kwenye mgao wa umeme hatulitegemei: umeme wa gridi ukikatika, paneli zisizo na betri nazo huzimika. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inajizima ili isiwadhuru mafundi walio kwenye nyaya. Kama mnataka sola kwa kukumbuka baridi ya Februari 2021 iliyotukatia umeme Texas, mwambieni fundi mapema, awape bei yenye betri na aonyeshe ni saketi zipi zitabaki hai.

Tena, Texas hakuna sheria inayolazimisha kila kampuni inunue umeme wenu wa ziada kwa bei ileile mnayonunulia. Inategemea mpango wa muuzaji umeme mliyemchagua, na mipango hubadilika. Hesabu yoyote inayodhani bei moja kwa miaka 25 ikataeni.

Kutoka Fort Worth, Jumatano

Asanteni sana kaka, na shikamoo mzee wetu wa Houston. Barua iliingia posta Jumamosi kabla hawajafunga, risiti ninayo. Mkataba ulikuwa wa kukodi, na ongezeko la asilimia 2.9 limo ukurasa wa sita.

Leo amekuja fundi mwenye leseni. Namba yake tuliihakiki. Aliingia darini kwanza, akapanda paa, ndipo akakaa mezani. Anasema vigae vya upande wa kusini vimechoka kwa mvua ya mawe, na kuzishusha paneli baadaye ili kubadilisha paa kutatugharimu maelfu ya dola. Tumekubaliana paa litangulie. Kuna anayemfahamu fundi wa paa mwaminifu upande huu wa Fort Worth, aliyezoea kushughulika na bima?