Kayaki ya mtumba au nijichange ninunue mpya?

Mtu wa Ununio
Wakuu, habari za jioni. Bahari naisikia nikiwa kitandani, ila mpaka leo naishia kuogelea tu. Kuna mzungu wa Msasani anahama, anauza kayaki yake ya plastiki, ile ya kukalia juu, pamoja na kafi na jaketi okozi. Sh 900,000. Mpya, hadi itoke bandarini, naona itapita mara mbili ya hapo. Nataka kuvua changu wikiendi, na siku moja nifike kisiwa cha Mbudya. Nina kilo 96. Nichukue?

Mama Kafi, Kigamboni
Mdogo wangu, usitoe hela kabla hujailaza kifudifudi. Mimi ya kwangu niliipendea juu, inang'aa. Chini sikutazama. Ilikuwa imeburutwa mchangani miaka na miaka, mkuku, ule uti wa chini, umelika upande wa nyuma, plastiki nyembamba kama kopo la maji. Siku ya tatu nikaona inazidi kuwa nzito, nikadhani mikono imechoka. Kumbe tumbo limejaa maji! Wavuvi wa ngalawa ndio walionivuta, wakinicheka njia nzima.

Pitisha kiganja kwenye mkuku. Chungulia yale matundu ya kutolea maji chini ya kiti, nyufa hupenda kuanzia hapo. Imebonyea? Si neno, ianike juani itarudi. Ila ikiwa imepauka na ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga, hiyo jua limeshaila, iache hata ukipewa bure. Mwisho fungua kizibo, mimina ndoo mbili za maji ndani, iinueni muone inatona wapi.

Fundi Matangi
Ufa unazibika, lakini si kwa gundi. Nyingi ni polithini kama ya matangi ya maji, gundi haishiki. Inachomelewa kwa moto, na kipande cha plastiki hiyohiyo.

Pwani Moja
Kilo 96, weka nanga, maji na ndoo ya samaki. Tafuta kibandiko cha uzito inaoweza kubeba kabla ya kuongelea bei. Na Mbudya usiende Julai mchana, upepo wa kusi ukishika, kayaki inakuwa jani.

Mtu wa Ununio
Natoka Msasani sasa hivi. Kibandiko kinasema kilo 150. Maji tumemimina, inatona tundu la kushoto. Mwenyewe kashangaa kuliko mimi. Nimemwambia laki tano na nusu, kasema atanipigia.

Mama Kafi, Kigamboni
Jaketi umelijaribu kifuani lakini?