Usaili wa kukuza biashara Kampala: wanataka niende na majina ya wateja, nifanyeje?

BintiMalaba: Shikamooni wakubwa, na habari kwa wengine. Jumatatu narudi kwa usaili wa pili, nafasi ya ofisa wa kukuza biashara. Ni kampuni ya usafirishaji hapa Kampala, inayotoa makontena Mombasa na kuyafikisha Uganda, Juba na mashariki ya Kongo. Wa kwanza ulikwenda vizuri, na Kiswahili kilinibeba, maana waliuliza sana juu ya wateja wa Beni na Butembo.

Sasa wanataka niende na mpango wa miezi mitatu, pamoja na orodha ya wateja nitakaohama nao, majina na namba za simu. Wateja hao ni wa kampuni ninayoifanyia kazi sasa. Baadhi niliwatafuta mwenyewe duka kwa duka pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, na wananiamini. Moyo unakataa, lakini naogopa wataona sina watu. Aliyepitia hili anisaidie.

MzeeNamanve: Binti yangu, usipeleke hata namba moja. Nimekaa miaka upande wa wanaouliza. Mtu akitukabidhi daftari la mwajiri wake tulilipokea, kisha akitoka tukaulizana lini atalipeleka letu kwingine. Tena Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, namba ya mtu haigawiwi ovyo. Soma pia mkataba wako wa sasa kabla ya Jumatatu.

KijanaNakawa: Mzee nakuheshimu, ila kazi zenyewe ni za kugombania. Atakuja mwingine na orodha, dada abaki nje. Mimi ningesema aina ya wafanyabiashara bila majina: wa vipuri, wa vitenge, wa vigae, wanaingiza makontena mangapi kwa msimu. Hapo wanaona unalijua soko.

MzeeNamanve: Hilo nakubali, mradi asitoe hesabu ya mteja mmoja mmoja.

MamaElegu: Mimi naona mpango ndio utakaokupa kazi, mdogo wangu. Usiandike "nitaongeza mauzo", kila mtu anaandika hivyo. Mfanyabiashara wa Kikuubo tayari ana wakala wake, na hamuachi kwa sababu umempunguzia bei kidogo. Muulize kontena tupu likichelewa kurudi Mombasa, faini analipa nani. Wengi ni wao, na wakala hakuwaambia mapema. Muulize pia hati zake. Tangu mfumo wa forodha ya pamoja uanze 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda kwa kawaida unalipwa kabla haujaondoka bandarini, kwa hiyo kosa dogo kwenye karatasi linaulaza mzigo huko huku gharama zinapanda. Ukiwaonyesha mabosi kwamba utaanzia kwenye maumivu hayo, watakusikiliza.

Mwezi wa kwanza andika utakwenda Malaba, Elegu na Mpondwe ukae na madereva na mawakala wa mpakani. Wao wanajua mzigo wa nani umekwama na kwa nini. Na mteja wa Juba anataka kupigiwa simu kabla hajauliza lori liko wapi. Mimi nimewashika wengi kwa simu hiyo tu.

KijanaNakawa: Usisahau kamisheni, dada. Uliza inahesabiwa ankara ikitoka au mteja akishalipa. Hapa wateja wanalipa kwa kuchelewa, unaweza kufikia lengo na mfuko ukabaki mtupu. Uliza pia mshahara wa msingi, na kama wanachangia NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10 ya mshahara kutoka kwao juu ya 5 yako. Mwenye kukwepa swali hilo mapema atakukwepa na baadaye.

BintiMalaba: Asanteni sana, banange. Orodha nitaandika aina za wafanyabiashara na njia zao za mizigo, bila jina la mtu. Wakinibana nitawaambia wazi kwamba na wao nitawatunzia vivyo hivyo. Mama Elegu, mteja wa Kongo akitaka kulipa dola taslimu, kwenye mpango nigusie?

MamaElegu: Gusia. Andika malipo yote yapitie benki na risiti itoke siku hiyo hiyo. Wahasibu huwa ndani ya chumba, watalipenda.