Kasa kafia kwenye jarife: sheria inasemaje?

Baharia wa Mafia
Shikamooni wakubwa. Mimi ni baharia kwenye mashua ya baba mdogo, tunatega jarife, wavu wa macho makubwa, usiku kusini mwa Mafia. Juzi alfajiri tunavuta, tukakuta kasa kanasa, kalegea, hapumui. Nahodha akasema atupwe upesi, tukionekana naye ni kesi. Mzee mmoja chomboni akabisha: kafa mwenyewe, hatukumuua, tugawane nyama. Tukamtupa. Na wavu kauchana vibaya. Nani alikuwa sahihi?

Bwana Samaki Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mzee kakosea. Kuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na Kanuni zake za 2009 zinakataza kumvua kasa, kuwa naye na kumuuza. Mayai yake pia. Hata nguva yumo humo. Kufa mwenyewe hakumfanyi kitoweo, na wengi niliowaona wakiponzeka waliponzwa na kumleta dikoni, pale samaki wanaposhushwa.

Ila nahodha naye kaharakisha. Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe. Akinaswa chini kwa muda mrefu huzimia, ukadhani maiti. Ukimtupa hivyo ndiyo unamzamisha. Mlaze kifudifudi, nyuma muinue shubiri moja maji yatoke mapafuni, mfunike gunia bichi, mweke kivulini. Subiri. Wengine huzinduka baada ya saa kadhaa, nimewahi kukaa na mmoja mpaka adhuhuri! Mguse pembeni mwa jicho uone kama anashtuka. Akipata nguvu mshushe taratibu, injini imezimwa, mbali na wavu. Akiwa kafa kweli, waarifu BMU, kile kikundi cha wanakijiji cha kulinda rasilimali za bahari, au bwana samaki (afisa uvuvi) wa hapo.

Bint Mkoani
Sisi Pemba tuna yetu, uvuvi si jambo la Muungano: Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya 2010. Lakini huyo mzee wa chomboni msimtishe kwa sheria, mwambieni ya Kisiwa Panza. Machi 2024 walikula nyama ya kasa, wakafa watu tisa, wanane ni watoto. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na kwa macho humjui mwenye sumu na asiye nayo. Bado wapo wanaosema ni dawa ya kuongeza nguvu. Haya.

Baharia wa Mafia
Ahsanteni. Roho inaniuma, labda yule alikuwa hai. Na wavu je? Wenye mashamba wakiliwa mahindi na tembo wanapewa kifuta jasho.

Bwana Samaki Mstaafu
Kile ni cha sheria ya wanyamapori, kwa wanyama hatari: tembo, kiboko, mamba. Kasa hayumo. Wavu mtashona wenyewe, na hapo ndipo ninapowaelewa wavuvi wanaponuna. Wenzetu wa Watamu, Kenya, wana utaratibu: mvuvi akinasa kasa anapiga simu, wahifadhi wanakuja kumchukua, naye anapewa kitu kidogo cha kufidia muda wake. Hiyo si sheria, ni makubaliano tu. Ulizia BMU yenu.

Baharia wa Mafia
Nitauliza Ijumaa, bahari ikiwa mbaya hatutoki. Gunia nimeshaweka chomboni.