Mjadala: Setsuko Hara aliacha sinema kwa ajili ya Ozu, au kwa ajili yake mwenyewe?

Kila anapotajwa mwigizaji wa Kijapani Setsuko Hara, hakosekani wa kusimulia kwamba aliacha sinema mwaka 1963 kwa majonzi ya mwongozaji Yasujirō Ozu, aliyefariki Desemba mwaka huohuo, na kwamba ndiyo sababu alijitenga Kamakura, mji alikozikwa Ozu, hadi naye alipofariki mwaka 2015 akiwa na miaka 95. Simulizi hiyo ni tamu, lakini siiafiki. Hara alianza kuigiza mwaka 1935, akacheza filamu takriban 100, na kati ya hizo ni 6 tu alizoongozwa na Ozu, kuanzia Banshun ya mwaka 1949 hadi ile ya 1961. Filamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1962, haikuwa ya Ozu. Tena, alipoaga alisema mwenyewe kwamba hakuwahi kuifurahia kazi ile, bali aliifanya ili kuitunza familia yake, kauli iliyowaudhi wengi waliozoea kumwita mwanamwali wa milele. Kwa nini basi tunaendelea kumtafutia sababu nyingine, kana kwamba mwanamke hawezi kuacha kazi pasipo mwanamume nyuma yake?

Mleta mada, hesabu yako naikubali, ila idadi si uzito. Bila filamu hizo 6, hasa zile tatu ambamo anaigiza wanawake watatu tofauti wote wakiitwa Noriko, sidhani kama leo tungekuwa tunamjadili. Linalonikera mimi ni jingine: ukimya wa zaidi ya miaka 50 ulimwepusha na maswali juu ya vita. Mwaka 1937 alionekana katika Atarashiki Tsuchi, filamu iliyotengenezwa kwa ubia na Ujerumani ya Wanazi, akasafiri hadi huko kuitangaza. Mwaka 1942 akashiriki filamu ya kulitukuza jeshi la majini la Japani. Kustaafu ni haki yake, lakini je, kunyamaza kuhusu hayo nako ni haki?

Ndugu yangu, la vita ni zito na silipuuzi. Hata hivyo, alipoigiza filamu ile ya 1937 alikuwa msichana wa miaka 16, nao watu wazima walioiandika na kuiongoza ndio wa kuulizwa kwanza. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1946 mwongozaji Akira Kurosawa alimpa katika filamu yake nafasi ya binti wa profesa ambaye mwenzi wake anafia mikononi mwa polisi, naye anakwenda kijijini kulima mpunga na wazazi wa marehemu huku majirani wakiwatenga kama wasaliti. Sisemi kwamba hilo linafuta ya nyuma. Kuhusu uzito wa akina Noriko, namwomba yeyote anayeamini kwamba Hara aliumbwa na Ozu aitazame Meshi, filamu ya mwongozaji Mikio Naruse ya mwaka 1951. Humo ni mke anayeishi Osaka, amechoshwa na jiko na mume asiyemtazama, na lile tabasamu maarufu halionekani ila kwa nadra. Ozu hayumo kabisa, na sijaona alipoigiza vizuri zaidi.