Pikipiki ya theluji ya mtumba inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nianzie wapi?

Mbita Kaskazini (Bemidji, Minnesota)

Wakubwa, hamjambo. Nina Polaris Indy 500 ya 1995. Niliinunua Novemba kwa dola 1,300 kutoka kwa mzee aliyekuwa anahamia Florida. Injini haina neno, kamba naivuta mara mbili, ya tatu inawaka. Shida ni kuondoka. Nabonyeza gesi, injini inalia, mashine imetulia tuli. Naongeza, bado. Mshale wa mizunguko ya injini ukifika kama 4,800 kwa dakika hivi, inashika ghafla na kuruka. Ikishaanza kutembea ni tamu kabisa.

Ningekuwa naendesha peke yangu ningevumilia. Lakini mimi ninavua samaki kwenye barafu, kwa hiyo nyuma navuta sleji yenye kibanda, keekee ya kutobolea barafu na jiko la gesi. Jumamosi iliyopita, katikati ya ziwa, iliposhika vile pini ya kuvutia ikakatika. Nikaenda zangu mita thelathini hivi bila kujua. Kugeuka nyuma, mke wangu amekaa kwenye sleji, chupa ya chai mkononi, ananitazama tu. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Duka moja la matengenezo huku wameniambia ninunue klachi nzima mpya, na bei yake inakaribia ya mashine yenyewe. Nimesoma mahali kwamba springi ya puli ya mbele ndiyo inayoamua mashine ishike wapi. Je, niagize springi laini? Nyumbani Mbita nilikuwa nikitengeneza injini za mashua, spana si ngeni kwangu, ila klachi ya mkanda sijawahi kuifungua.

Klika Nne (Manitoba)

Mimi nina Ski-Doo. Puli yake ya mbele ina skrubu za kurekebisha, tunaziita klika, namba 1 hadi 6. Mimi huweka 4 na inakwenda vizuri. Zungusha zako urudishe namba moja nyuma, mambo yatatulia.

Mama Treki (Maine)

Swali dogo tu: inaruka kila ukiondoka, au ile mara ya kwanza asubuhi? Yangu ililala nje usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, treki, ule mpira mpana wa chini unaoisukuma mashine, ikagandana na theluji. Nikapiga resi, ikanasuka ghafla, nikajikuta nimekumbatia uzio wa jirani. Siku hizi nainyanyua nyuma kwanza, naitikisa kushoto na kulia, ndipo nawasha. Na mkanda wa klachi ukiwa wa baridi huwa mgumu kama ubao, uende taratibu dakika chache za mwanzo.

Mbita Kaskazini

Pole kwa uzio, dada. Yangu ni kila mara, hata injini ikiwa imepata moto vizuri. Na klika sijaziona, nimezunguka puli yote na tochi.

Fundi Mwembeladu (Alberta)

Hutaziona, Polaris yako haina. Na hata kwenye Ski-Doo, klika zinagusa mizunguko ya juu tu, pale umebonyeza gesi yote. Kila hatua ni kama mizunguko 200. Pale mkanda unaposhika hazihusiki.

Mbita, springi usinunue bado. Mimi Unguja nilikuwa fundi wa zile skuta za otomatiki wanazokodi watalii, na klachi yako ni kaka mkubwa wa zile. Puli ya mbele imekaa kwenye krenki, ya nyuma inapeleka nguvu kwenye treki, mkanda uko kati. Ndani ya puli ya mbele kuna vyuma vitatu vilivyopinda kama ndizi. Injini ikizunguka vinataka kutupwa nje, na vikitoka vinaisukuma sahani moja ya puli iufuate mkanda. Springi inazuia. Vyuma vikishinda, sahani inaubana mkanda, unaondoka. Kwa hiyo ni kweli, springi ina neno.

Lakini tazama mkanda ukiwa umelika. Umekuwa mwembamba, sahani ina safari ndefu zaidi kuufikia, na katika safari hiyo springi inazidi kubanwa. Basi mashine itashika juu na itashika kwa kishindo. Ukitia springi laini hapo, umempa mgonjwa panadoli. Skuta nikiletewa naambiwa "fundi, inaruka", mimi nilikuwa naanza na mkanda, halafu rola, vile vigurudumu vidogo vya ndani ya puli. Springi ilikuwa ya mwisho, na aghlabu sikufika huko.

Sasa zima injini, funua kifuniko cha pembeni. Pima upana wa mkanda kwa kalipa, sehemu tatu tafauti, ulinganishe na kipimo cha mpya. Halafu usiutoe kwanza, uangalie ulivyokaa kwenye puli ya nyuma. Mgongo wake unatakiwa uwe sawa na ukingo wa puli, au uchomoze milimita moja hivi. Ukiwa umezama ndani, unaondoka kama mtu aliyetia gia ya pili kwenye mlima. Ukichomoza sana umebana, na mashine itatambaa yenyewe ukishaiwasha tu. Kuna mahali pa kurekebisha hapo. Kwenye puli nyengine ni washa, vile vipete bapa vya chuma, nyengine ni skrubu ndogo, angalia yako ilivyo.

Uso wa puli ukikuta unang'aa na una mistari myeusi ya mpira, usugue kwa sponji ya kijani ya kusugulia sufuria, kisha upanguse kwa asetoni. Mafuta humo ndani usipake hata tone. Nilimwona mtu katia grisi kwenye bushi, ile pete ambayo sahani hutelezea, ati ilainike, vumbi la mkanda likaingia, ikawa ugali.

Hayo yote ni kazi ya saa moja. Jaribu, andika mshale unashika wapi, urudi hapa.

Mbita Kaskazini

Nimerudi. Mkanda wangu ukilinganisha na mpya umepungua milimita 2.5, na kwenye puli ya nyuma ulikuwa umezama kabisa, kidole kinaingia. Nimefunga mpya baada ya kuuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nimesugua puli zote mbili. Sasa inashika 4,300. Kuruka kumepungua lakini kupo. Nikiibonyeza taratibu sana nasikia kama inasitasita, inashika, inaachia, inashika.

Fundi Mwembeladu

Huko kusitasita ndiko nilikokuwa nakusubiri. Sahani haiteremki sawasawa. Ama bushi imekwenda, ama rola haizunguki. Itabidi uivue puli ya mbele.

Hapa uende pole, yakhe. Puli imekaa kwenye krenki kwa mkao wa koni, kwa nyundo haitoki, utaharibu krenki bure. Ina boliti yake maalumu ya kuivulia, azima kwa mtu. Kifuniko cha puli kimekandamiza springi, kwa hiyo boliti zake zilegeze zote kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ukaja nyengine. Na kabla hujafungua tafuta alama za X: kifuniko, ile nyota ya ndani, na sahani inayotembea. Wakati wa kurudisha zipangike mstari mmoja, hiyo ndiyo mizani ya klachi. Ukizikosea, mashine itatetemeka mpaka meno yakuume.

Na mkanda ukiwa umetolewa, usije ukawasha injini na kupiga resi "kuiona inavyofanya". Haina mzigo, itapaa, na chuma kikiruka kutoka kwenye puli hakichagui mguu wa nani.

Klika Nne

Na mimi nimejifunza, miaka yote hii nilidhani klika ndiyo kila kitu. Je, angeongeza tu uzito wa vile vyuma?

Fundi Mwembeladu

Vyuma vizito vitateremsha pa kushikia, ndiyo, lakini vitaiteremsha na mizunguko ya juu. Injini yake huko juu iko sawa. Kwa nini auguze mguu mzima ili atibu kidole?

Mbita Kaskazini

Jirani ameniazima boliti ya kuvulia na gereji yake yenye hita, Mungu ambariki. Nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikaingia humo na viatu vya kazini.

Bushi iko imara. Rola mbili zinazunguka, ya tatu imelika upande mmoja, ina ubapa kama shilingi iliyosagwa kwenye lami. Ukiizungusha kwa kidole inafika kwenye ubapa, inasimama. Nilikaa nikaitazama kitu hicho kidogo kisichozidi kifundo cha kidole, nikakumbuka bei ya klachi nzima niliyotajiwa.

La pili, springi iliyomo rangi yake haiko kabisa kwenye kitabu cha mashine. Nikampigia mzee Florida. Akacheka sana. Mwanawe aliifunga zamani ili ashindane na wenzake kuondoka kwa kasi, haikutolewa tena. Kwa hiyo sasa naomba ruhusa: ninunue springi?

Fundi Mwembeladu

Sasa nunua. Rola badilisha zote tatu, si moja. Springi zinauzwa kwa namba mbili: ya kwanza ni nguvu yake mwanzoni, ya pili ni nguvu ikiwa imebanwa yote. Anza na ya kiwandani iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukitaka laini zaidi ya hiyo, teremsha namba ya kwanza, ya pili iache karibu palepale ili mizunguko ya juu isiguswe.

Lakini usiteremke mno kwa kumwonea huruma shemeji. Injini ya mipigo miwili huko chini haina nguvu bado, na wewe unavuta kibanda. Ikishika mapema sana mkanda utateleza, utapata moto na kung'arisha puli tena. Kama 3,800 patakutosha.

Mbita Kaskazini

Rola tatu mpya, springi ya kiwandani. Inashika 3,900. Nimeijaribu leo na sleji tupu, kisha na kibanda. Inaondoka kama mashua inayosukumwa majini. Mke wangu amekataa kupanda, anasema atasubiri wiki moja aone. Kuna mlio kidogo nikiachia gesi, "ko", upande wa kulia.

Fundi Mwembeladu

Huo wa kulia ni wa boksi la mnyororo, utakuwa umelegea, ukaze. Mkanda mpya usiulazimishe kilomita 50 za mwanzo, badilisha badilisha mwendo, kisha uangalie tena ulivyokaa kwenye puli ya nyuma. Ule wa zamani usiutupe, ufunge chini ya kiti. Raha hautakupa, ila mpya ukikatika katikati ya ziwa utakufikisha nyumbani.